Nyapara wa Kilomita Tisa

Baba yangu anaitwa Kipimo, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Nyumbani kwetu hakuna rafu iliyoinama. Vitanda vimepangwa kwa kamba, picha ukutani zimepimwa kwa rula, na tulipokuwa wadogo tulizoea kumkuta amelala kifudifudi sebuleni, shavu sakafuni, jicho moja kalifumba, anaangalia kama miguu ya meza imekaa mstari mmoja. Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha, baba alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia asogeze kiti kidogo kushoto. Mume wangu hadi leo anaamini ule ulikuwa mtihani wa adabu. Haukuwa mtihani wowote. Kiti kilikuwa kimekaa upande.

Tabia hiyo aliitoa relini. Aliingia kazini akiwa na miaka kumi na tisa, mbeba mataruma, yale mapande ya chuma yanayolala chini ya reli na kuzishika zisitanuke. Taruma moja hubebwa na watu wawili. Yeye alikuwa anabeba peke yake kwa sababu, kwa maneno yake, mwenzake alikuwa anatembea vibaya. Alipofika thelathini na mbili akawa nyapara, mkuu wa genge, akapewa sehemu yake: kilomita tisa kuanzia mwisho wa stesheni ya mji wetu kuelekea kiwanda cha kamba.

Nyapara wa reli ana watu wake kumi na kitu na kipande chake cha njia, na chochote kitakachotokea kwenye kipande hicho ni juu yake. Asubuhi anakitembea chote na nyundo. Anagonga, anasikiliza, anakaza. Akiona pamepinda, analaza shavu juu ya reli, anatazama mbele kwa jicho moja, na kwa ishara za mkono anawaelekeza wenye mitaimbo wasukume wapi: kidogo, kidogo tena, basi. Madereva wa treni wa wakati ule walikuwa wanasema ukiingia kwa Kipimo unaweza kunyoa ndevu kwa wembe huku injini inakimbia. Mmoja alijaribu, akafika kiwandani na kidevu safi, na habari hiyo baba aliisimulia nyumbani mara nyingi kuliko habari ya harusi yake. Mama hakuipenda sana.

Kisha kiwanda kikafunga milango. Shirika la reli likaona huko mbele hakuna tena cha kubeba, likaifunga njia kutoka mji wetu hadi mwisho, kilomita thelathini na nane kwa mpigo. Upande wa pili, kutoka mji wetu hadi makutano ya njia kuu, treni iliendelea kuja mara moja kwa siku. Mji wetu uliokuwa katikati ya njia ukawa mwisho wake. Genge la baba likatawanywa, na miezi mitatu baadaye yeye mwenyewe akafikisha umri wa kustaafu. Walimpa barua na saa ya ukutani. Saa ilikuwa inachelewa dakika nne kwa siku. Aliirudisha.

Asubuhi iliyofuata akaamka, akachukua nyundo, akaenda kutembea kilomita zake tisa.

Tulidhani ataacha. Mama alisema mpeni wiki mbili, mwili utazoea. Zikapita wiki mbili, ukapita mwaka, ikapita miaka kumi na tisa. Jua liwake, mvua inyeshe, mzee yuko njiani. Alifyeka majani, alizibua mifereji, alikaza bolti ambazo hakuna gurudumu lililokuwa linazilegeza. Mjini walimcheka. Walisema anasubiri treni ya marehemu, walisema jua limemwingia kichwani, na kinyozi wa karibu na stesheni alikuwa akimwona tu anamwuliza treni imechelewa kwa saa ngapi. Baba anamjibu, "Wewe kata nywele, sikio la mteja unalikaribia," anapita zake.

Mimi niliona aibu, na nasema ukweli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka tu chuo cha ufundi, na kila nikijitambulisha mahali naulizwa kama mimi ni binti wa yule mzee wa reli. Nilimwambia siku moja kwamba anatuaibisha. Hakukasirika. Alinitazama, akaniambia nywele zangu zimegawanywa vibaya, njia ya katikati imekwenda kulia.

Damu nzito, lakini. Baada ya miaka miwili nilikuwa nimevaa buti na koti la rangi ya machungwa, kibarua kwenye genge la upande ulio hai. Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga na kusikiliza, na alinifundisha bila kunionea huruma. Miaka sita iliyopita nikawa nyapara, mwanamke wa kwanza kwenye njia yetu yote, na sehemu yangu ilianzia palepale yake ilipoanzia, ikaenda upande wa pili. Asubuhi tulikuwa tunatoka pamoja hadi stesheni, tunaagana, yeye anaelekea kwenye njia iliyofungwa na mimi kwenye inayofanya kazi. Nilikuwa nimeacha kuona aibu. Lakini kusema kweli sikuelewa.

Sasa, ndani ya sehemu yangu kuna kona kubwa inayozunguka kilima. Reli ya nje ya kona ndiyo inayobeba mateso yote, maana gurudumu linaiegemea na kuisugua, na ile ilikuwa imesuguliwa mpaka kichwa chake kimekuwa chembamba kama kisu cha jikoni. Niliandika barua kuomba reli mpya, nikaandika tena, nikaandika nyingine kwa herufi kubwa. Jibu lilikuwa kupunguza mwendo. Treni ikawa inapita pale kwa kilomita kumi kwa saa, mwendo ambao mtu anaweza kushuka behewa la mbele, akajisaidia, akapanda la nyuma bila kuharakisha. Kwa kuchelewa huko haikuweza tena kufika kwetu na kurudi makutano kwa wakati.

Ndipo akaja mhandisi kutoka makao makuu, kijana mwenye kofia ngumu isiyo na hata mkwaruzo. Tulikaa ofisi ya mkuu wa stesheni, feni ikizunguka bila kupuliza. Akaniambia reli mpya hakuna, na hazitakuwepo. Ama kona ile inatengenezwa hadi treni ipite kwa kilomita arobaini kabla ya mwisho wa mwezi ujao, ama treni itaishia stesheni ya nyuma yetu, na njia iliyobaki ifungwe kama ile nyingine.

"Nitatengeneza kwa mate?" nikamwuliza.

"Kuna reli huko upande wa pili," akasema. "Nimeziona. Zimelala tu, na zimetunzwa sijui na nani. Unahitaji ngapi?"

"Hamsini."

"Chukua hamsini."

Akatia saini karatasi, akanipa. Nilitoka pale na karatasi mkononi. Mji usio na treni nilijua utakuwaje. Barabara yetu mvua zikianza inakatika mara mbili kwa mwezi. Wauguzi wanaokwenda hospitali kuu, akina mama wa mboga, wanafunzi, wote wanategemea treni ile moja. Na genge langu la watu kumi na mmoja, pamoja nami, kibarua kingeota nyasi. Nilihitaji reli hamsini, na reli hamsini nzima zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kilomita tisa za baba yangu. Huko mbele zaidi wauza vyuma chakavu walikwisha kung'oa kila kitu. Kwake hawakuthubutu, kwa sababu walijua mzee atapita kesho na atahesabu.

Nilimwambia mchana, wakati wa chakula. Nilizunguka maneno weee, mama akachoka, akaniambia, "Sema ulichokuja kusema, chakula kinapoa." Nikasema. Baba aliweka kijiko kando ya sahani, akakinyoosha kilingane na ukingo wa meza.

"Mkitoa reli katikati," akasema, "hiyo si njia tena. Ni vyuma."

"Baba, haipitwi na kitu."

"Nimekusikia."

Akainuka. Siku tatu hakunisemesha. Asubuhi anatoka kabla yangu. Nikija kusalimia, "Shikamoo baba," anaitika "Marahaba" kwa upole kabisa, kisha kimya. Heri angenigombeza. Mama alituangalia sote wawili, akasema nyumba yake imegeuka ofisi ya serikali, kila mtu anapita na uso wa barua. Nami kichwa changu ni kigumu kama chake, kwa hiyo sikumbembeleza. Nilikwenda nikakagua reli mwenyewe, nikachagua hamsini za karibu na stesheni. Zilikuwa nzuri: vichwa vipana, havijalika, na kuzibeba kungekuwa rahisi. Niligonga kila moja katikati ikalia vizuri. Nikazitia alama ya rangi nyeupe.

Siku ya nne nikapeleka genge na spana. Tulimkuta baba amekaa juu ya reli ya kwanza yenye alama, nyundo imelala magotini.

Watu wangu wakasimama. Wote walimsalimia, wengine wakavua kofia. Hakuna aliyeshika spana.

"Baba," nikasema, "naomba utupishe."

"Kwa amri ya nani?"

"Nina karatasi ya mhandisi." Nikamwonyesha.

"Naiona. Sasa niambie, sehemu hii nyapara wake ni nani?"

Hasira zilinipanda. Nilimwambia haina nyapara, imefungwa miaka kumi na tisa, na yeye amestaafu na barua anayo, na mji mzima utakosa treni kwa sababu ya ubishi wa mtu mmoja. Nilisema mengine ambayo siyaandiki. Alisubiri nimalize, kama anayesubiri treni ipite ndipo avuke.

"Nilistaafu mimi," akasema. "Sehemu haikustaafu. Ulipopokea sehemu yako, ulipokea vipi?"

Nilijua nilivyopokea. Kila nyapara anajua. Huwezi kuondoka kwenye sehemu yako mpaka aje wa kukupokea, muitembee pamoja kwa miguu kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, umwonyeshe kila ugonjwa wa njia, kisha mtie saini wote wawili kwenye daftari la makabidhiano. Kabla ya saini hizo, sehemu ni yako, uwe na homa au uwe msibani. Mimi nilifanya hivyo na nyapara aliyenitangulia, tukatembea siku nzima, na miguu ilinivimba.

"Nilikwenda ofisini nikauliza nani anakuja kupokea," baba akaendelea. "Wakasema nisubiri. Sikuletewa mtu. Sijakabidhi."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa kufika. Miaka kumi na tisa ya kutembea, ya kuchekwa na vinyozi na kuonewa aibu na mimi bintiye, na sababu ilikuwa hiyo tu. Hakuwa anasubiri treni. Kichwa chake kilikuwa kizima kuliko vyetu sote. Shirika zima lilisahau kazi yake moja ndogo, naye hakusahau yake. Machozi yalinitoka mbele ya genge langu, na sijutii.

Nikajifuta kwa mkono wa koti. "Basi nikabidhi mimi," nikasema.

Alinitazama kuanzia buti hadi kofia. Kisha akatoa daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti. Lilikuwa limefungwa kwenye nailoni, na kona za jalada zimeliwa na jasho. Alikuwa amelibeba muda wote huo.

Nililiambia genge lipumzike, tukaanza. Hatukufika hata hatua kumi akasimama kwenye reli niliyoipaka rangi.

"Hizi nani kachagua?"

"Mimi."

"Umegonga wapi?"

"Katikati."

Akatikisa kichwa. Akaniambia nifungue kile chuma cha pembeni kinachounganisha reli mbili. Nilipokitoa, akapangusa mwisho wa reli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaufuta ukauka, kisha akasugua chaki juu yake. Tukasubiri. Kwenye weupe wa chaki pakachomoza mstari mwembamba wa mafuta, kutoka tundu la bolti kwenda juu, kama unywele uliolowa. Ulikuwa ufa. Akafanya hivyo reli ya pili, na ya tatu. Zote.

Akanieleza. Miaka ya mwisho kabla njia haijafungwa hawakuletewa reli za kutosha. Kwa hiyo zile zilizochoka alizihamisha moja moja kutoka mbali, akazilaza hapa mlangoni mwa stesheni, ambapo kila treni inapita polepole. Nzuri alizipeleka huko mbele ambapo treni inakimbia. Mtu asiyejua ataona vichwa vipana, atafurahi.

"Ungeziweka kwenye kona yako," akasema, "treni inaegemea kwa arobaini, imejaa watu. Ungekuwa mbele yao na bendera ya kijani."

Tukaendelea kutembea.

Kilomita tisa zile nilikuwa nimezipita mara nyingi bila kuzijua. Alinionyesha tuta linalokunywa maji upande mmoja, makalvati yanayopitisha maji chini ya njia, mataruma aliyoyageuza, mahali ambapo siafu hujenga chini ya kokoto na kuilegeza njia. Alijua reli ipi ilikuja mwaka gani na genge lake lilikuwa na akina nani siku ile, na nani kati yao amekwisha kufariki. Nami niliandika kila kitu. Kuna wakati nilimwambia tupumzike, akaniuliza kama nimechoka kupokea.

Tulipofika kilomita ya sita kuna kipande kirefu kilichonyooka, unaona mbali mpaka macho yanauma. Hapo akasimama. Alilaza shavu juu ya reli, mzee wa miaka sabini na minne, taratibu, mkono kwanza kisha goti. Akatazama kwa muda. Kisha akaniambia nilale nami. Nililala upande wa pili. Sijawahi kuona reli imenyooka vile, si kwenye njia kuu wala kwenye picha za vitabu vya chuo.

"Hapa ndipo yule dereva alinyoa," akasema. Akainuka akijipangusa kokoto shavuni. "Chukua hizi. Ishirini na tano huku, ishirini na tano huku. Hazina hata ufa ndani, niligonga jana."

Nikamwuliza kama ana hakika.

"Si unasema unahitaji nzuri?"

Tulimaliza kilomita ya tisa jua limeanza kuinama. Nilitia saini yangu kwenye daftari, naye akatia yake chini, kwa herufi za kunyooka. Akanipa daftari. Siku ya kufungua reli zile, alinyoosha mkono akaomba spana, akalegeza bolti ya kwanza yeye mwenyewe. Iligoma kidogo, kisha ikatii. Genge lilimwachia nafasi, na yeye akaiweka ile bolti chini, akarudi nyuma, akatuambia tusiburuze reli, tubebe.

Kona ilituchukua wiki tatu. Alikuja kila siku, si nyapara tena wala si kibarua, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutukosoa. Mimi ndiye niliyekuwa nalala na kutazama. Mara mbili tu alisema, "Angalia tena." Mara zote mbili alikuwa sahihi, na mara zote mbili nilikasirika kwanza.

Siku ya majaribio mhandisi alipanda kwenye injini. Walipita kwa ishirini, wakarudi, wakapita kwa thelathini, wakarudi. Kisha wakaja kwa arobaini. Tulisimama chini ya kilima, genge zima, na tukasikia magurudumu yanaingia kona bila kulia, sauti moja tu nzito inayosogea hadi ikatupita. Hakuna reli iliyotikisika. Mpishi wetu wa chai alimkumbatia mtu asiyempenda. Treni ya kwetu ingebaki ya kwetu.

Mhandisi alishuka na fomu yake, kofia safari hii imeingia vumbi kidogo, nikampenda kwa hilo. Akaiegemeza fomu kwenye ubavu wa injini, akaandika huku akisoma kwa sauti. Urefu wa kazi, mita mia sita. Mwendo ulioruhusiwa, arobaini. Asili ya reli: zimeng'olewa kwenye njia iliyotelekezwa.

"Hapana," nikasema.

Akainua kichwa. "Hapana nini?"

"Haikutelekezwa. Futa hapo."

"Fomu ina maneno mawili tu, mpya au iliyotelekezwa."

"Andika neno la tatu."

Alinitazama, akatazama genge langu, watu kumi na mmoja wenye mitaimbo mikononi, akafuta. Akaniuliza aandike nini basi. Nikamwambia aandike kwamba reli zimetoka kwenye sehemu yangu, niliyoipokea kutoka kwa baba yangu, ambaye ni yule pale, ikiwa nzima.

Kalamu ikaanza kutembea. Baba alikuwa nyuma yetu, amejifanya anakagua bolti. Akakohoa.

"Si nzima," akasema. "Kalvati la tatu lina ufa, upana wa ukucha. Nilimwonyesha. Aandike na hilo."

Mhandisi akaandika na hilo.